Lau Kiti Kingekaliwa na Ukoo Mwingine: Nusu Siku na Mwongozaji wa Kilwa Kisiwani

Tulikuwa tumekaa ukingoni mwa birika la pembe nane pale Husuni Kubwa, jumba la kale la masultani wa Kilwa, jua likiwa limekwisha kupanda na upepo wa baharini ukitupunguzia joto, mzee aliyekuwa akituongoza alipofunga daftari lake na kutuuliza swali lililonifanya niandike tathmini hii. Alisema: «Wanangu, lau Washirazi, ukoo wa masultani wa kwanza, wasingeondoka kitini mwishoni mwa karne ya 13, na ukoo wa Mahdali usingekikalia, je, Kilwa ingeanguka mikononi mwa Wareno mwaka 1505 kwa wepesi ule ilioanguka?» Hakuna aliyemjibu papo hapo. Mimi nimetembelea magofu ya mwambao mara kadhaa, na kwa kawaida mwongozaji hutaja miaka, huonyesha ukuta, hueleza matumbawe na chokaa vilivyojengwa kwavyo, kisha husogeza watu kwenye ukuta mwingine. Hii ilikuwa mara ya kwanza kulipia matembezi yaliyopangwa yote kuzunguka swali moja la kitawala, na kupewa nafasi ya kulibishia swali lenyewe.

Nianze na huduma kwa jumla, maana wengi watataka kuijua kabla ya historia. Matembezi huanzia gatini Kilwa Masoko asubuhi na mapema, na waandaaji hushughulikia kibali cha kuingia kisiwani pamoja na mashua, hivyo msafiri hahitaji kuhangaika na karatasi wala kupatana nauli na nahodha. Siku niliyokwenda tulikuwa watu saba, idadi ambayo kwa maoni yangu ndiyo kikomo, kwa kuwa vyumba vingi vya magofu ni vyembamba na sauti ya mzee wetu haikuwa kubwa. Kila mmoja alipewa kijikaratasi cha kurasa nne chenye ramani ya kisiwa na orodha ya masultani. Mzee alikuwa na daftari lake mwenyewe la jalada gumu, lililojaa mwandiko wa kalamu, na mfuko wa kitambaa wenye picha na vitu vya kuonyesha. Ni mzaliwa wa kisiwa hichohicho, na tulipompa shikamoo zetu alitupokea kama wageni wa nyumbani kwake, jambo lililoonekana katika kila alichokifanya hadi tulipoagana.

Kituo cha kwanza kilichopewa muda wa kutosha kilikuwa Msikiti Mkuu, na hapo ndipo huduma hii ilipodhihirisha thamani yake. Mzee alitusimulia mapokeo ya Ali bin al-Hasan aliyekuja kutoka Shirazi, baba na wana sita katika majahazi saba, akakinunua kisiwa kwa mtawala mwenyeji kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka. Aliyasimulia kwa ukamilifu na kwa heshima, kisha akatuambia bila kusita kwamba wachimbuzi wa mambo ya kale, kuanzia kazi za Neville Chittick za miaka ya 1960 na waliomfuata, walikuta mji uliokwisha kukaliwa na wenyeji muda mrefu kabla ya kuta za mawe, na kwamba watu wa Kilwa walikuwa Waswahili wenye makazi, uvuvi, kilimo na biashara zao. Nilimshukuru moyoni kwa kutolificha hilo. Mtu anapouliza nasaba nyingine ingefanya nini, ni lazima kwanza aelewe nasaba ilikuwa kitu gani katika mji kama huu. Haikuwa jeshi lililotoka ng'ambo na kuwatiisha watu. Ilikuwa ukoo uliooa mjini, ukazungumza lugha ya mjini, ukajinasibisha na mahali penye jina kubwa katika Uislamu, na kupitia jina hilo ukapata haki ya kutoza ushuru, kusimamisha kadhi na kupiga sarafu. Ukoo ukibadilika, wavuvi, wajenzi na wafanyabiashara waliokuwa wakiubeba mji walibaki walewale.

Katika ukumbi wa kaskazini, ambao ndio sehemu kongwe ya msikiti, mzee alitoa mfukoni nakala ya sarafu ya shaba na kuipitisha mkononi kwa kila mmoja wetu. Ni ndogo kuliko nilivyodhani, nyembamba, na kingo zake si mviringo kamili. Upande mmoja una jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimepangwa ili ziwe na vina, kana kwamba sarafu nzima ni ubeti mmoja mfupi. Haina mwaka. Nilipoishika nilielewa kwa nini wanahistoria wamebishana kwa miaka mingi kuhusu lini hasa kila sultani alitawala, kwani jina lipo na tarehe haipo. Mzee aliongeza kwamba sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hakujaribu kutuambia zilifikaje huko. Kujizuia kwa namna hiyo si jambo la kawaida kwa waongozaji, na ningependa lisifiwe.

Kutoka hapo tuliingia sehemu ya kusini, yenye nguzo na kuba, ambayo upanuzi wake huhusishwa na al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa nasaba ya Mahdali aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vya kugawa, na ambayo ilijengwa upya katika karne ya 15. Hapa ndipo mzee alipoanza kuijenga hoja yake. Mahdali, ukoo uliojinasibisha na masharifu wa Yemeni, uliingia madarakani karibu mwaka 1277 kupitia al-Hasan bin Talut. Nusu karne baadaye, mwaka 1331, Ibn Battuta alifika Kilwa na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Alimkuta Abu al-Mawahib akitawala, akasimulia kisa cha fakiri kutoka Yemeni aliyemwomba sultani nguo alizokuwa amevaa. Sultani aliingia msikitini, akavua, akavaa nyingine na kumpa zile. Mwanawe alizikomboa nguo hizo kwa fakiri kwa watumwa kumi, na sultani alipoona watu wanausifu ukarimu wake akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipofariki, nduguye Daud alikaa kitini, na mwombaji alipomjia alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa.

Mzee alilisoma jibu hilo la Daud kutoka kwenye daftari lake polepole, kisha akalirudia. Kwa mtazamo wake, hapo ndipo hazina ilipotoboka. Husuni Kubwa yenye vyumba zaidi ya mia, birika la pembe nane, nyua zinazoteremka kuelekea baharini, jumba ambalo halikumalizika kabisa wala kukaliwa kwa muda mrefu, kwake ni ushahidi wa ukoo uliotumia kuliko ulivyoingiza. Washirazi, alisema, walikuwa wafanyabiashara, na wafanyabiashara wangeliweka akiba.

Sikukubaliana naye, na nadhani msomaji anayefikiria kuichukua huduma hii anastahili kuelezwa sababu, kwa kuwa mabishano ndiyo sehemu kubwa ya anachokilipia. Utajiri ambao Abu al-Mawahib aliugawa ulipatikana katika zama za Mahdali wenyewe. Dhahabu ya uwanda wa juu wa Zimbabwe ilishuka hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na Sofala ilikuwa chini ya mkono wa Kilwa. Mji ulikuwa na bahati ya mahali ulipo: jahazi lililotoka Arabuni au Gujarat kwa kaskazi liliweza kufika Kilwa, likauza na kununua, kisha likarudi kwa kusi ndani ya mwaka mmoja, lakini lililotaka kuendelea hadi Sofala lingelazimika kungoja msimu mwingine. Kwa hiyo Kilwa ilikaa katikati, ikapokea kutoka kusini na kukabidhi kaskazini, ikatoza ushuru pande zote mbili. Pepo hizo hazikumuuliza mtu yeyote ukoo wake. Mshirazi angezitumia kama Mahdali alivyozitumia, na huenda naye angejenga jumba juu ya jabali, kwa sababu jumba kubwa lilikuwa njia ya kumwambia mfanyabiashara mgeni kwamba mali yake iko salama katika mji huu. Ukarimu kwa mafakiri na masharifu ulikuwa na kazi hiyohiyo. Habari zake zilifika mbali kwa vinywa vya wasafiri, na ndiyo maana hata sisi tulizisikia tukiwa tumekaa pale jabalini.

Jambo lililoidhoofisha Kilwa, kwa kadiri ninavyoelewa, lilitokea zaidi ya karne moja baadaye, na mzee alilipitia kwa sentensi mbili tu. Katika karne ya 15 maamiri na mawaziri walipata nguvu za kuweka na kuondoa masultani, wakiwatoa wenye madai ndani ya jamaa ya kifalme na kuwarudisha kadiri ilivyowafaa. Mwisho wake, katika miaka ya 1490, madaraka yaliangukia mikononi mwa Amiri Ibrahim, aliyemfuatia Sultani al-Fudail, na ambaye watu wengi walimhesabu kuwa mnyakuzi. Mmojawapo alikuwa Shehe Yusuf wa Sofala, aliyekataa kumtambua. Hapo ndipo swali la nasaba linapopata uzito. Mtawala wa bandari iliyokuwa chemchemi ya dhahabu ya Kilwa alipata sababu ya kisheria ya kukatalia ushuru, kwani hawi na deni la utii kwa mtu asiyekikalia kiti kwa haki. Kwa hiyo swali ambalo ningependa liulizwe ukingoni mwa birika si Washirazi dhidi ya Mahdali. Ni hili: lau kitini angekuwapo mtu wa ukoo ambao Sofala, kisiwa jirani cha Songo Mnara na wakubwa wa mjini wote wanaukubali, Mreno angekuta mji wa namna gani?

Nilimuuliza hivyo. Alitabasamu, akaniambia nisubiri tuifikie habari ya Wareno, kisha atanisikiliza. Na kweli alinisikiliza.

Habari yenyewe aliieleza vizuri. Cabral, nahodha wa Kireno, alipita mwaka 1500. Vasco da Gama alikuja mwaka 1502 na, kwa vitisho vya mizinga, akamlazimisha Ibrahim kukubali kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Mwezi Julai mwaka 1505 Francisco de Almeida alifika na kundi lake la meli, Ibrahim akakwepa kuonana naye, askari wakashushwa, na mji ukatwaliwa karibu bila ya mapigano huku amiri akitoroka. Kisha wakajenga ngome pale ambapo leo pamesimama Gereza, jengo ambalo sehemu kubwa tunayoiona ni kazi ya Waomani wa karibu mwaka 1800 juu ya msingi huo wa Kireno. Mzee alitusimamisha mbele ya mlango wake wa mbao uliochongwa na kutuambia tuutazame upande wa bahari, jinsi mawimbi yanavyoumega ukuta. Wepesi wa ushindi ule ndio uliokuwa msingi wa hoja yake: mji wenye ukoo uliotia mizizi ungelipigana.

Nikamkumbusha Mombasa. Huko, kwa mapokeo ya wenyeji, walitawala watu wa nasaba ya Shehe Mvita, waliojiita Washirazi na ambao kiti chao hakikuwa na mgogoro kama wa Kilwa. Almeida alipofika huko mwezi Agosti wa mwaka huohuo, Mombasa ilipigana kweli, nyumba kwa nyumba, na ikatekwa nyara na kuchomwa moto. Ikachomwa tena na Nuno da Cunha mwishoni mwa miaka ya 1520. Basi Ushirazi peke yake, hata ukiwa na umoja na ushujaa ndani yake, haukuuokoa mji dhidi ya mizinga ya melini. Mzee alinyamaza, akafungua daftari, akaniomba nimtajie tena mwezi, akauandika. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi amekuwa akiielezea Kilwa bila kuitia Mombasa katika mizani, na kwamba safari ijayo ataitia. Katika huduma zote za namna hii nilizowahi kuzitumia, sijawahi kumwona mwongozaji akiandika alichoambiwa na mgeni.

Malindi nayo iliingia katika mazungumzo, na hapo mjadala ulikuwa mrefu hadi nahodha akatuma kijana kuja kututazama. Mfalme wa Malindi alimpokea da Gama kwa wema mwaka 1498 na kumpatia rubani wa kumvusha hadi India. Ukoo wake ukawa rafiki wa Wareno kwa karibu karne nzima, na katika miaka ya 1590 ukahamishiwa Mombasa kutawala huko chini ya kivuli cha Ngome Yesu ya Wareno. Mmoja wa wenzetu, mwalimu wa sekondari, alisema kwamba huo ndio ushahidi kuwa nasaba nyingine yenye busara nyingine ingeliiokoa Kilwa. Mimi naona ushahidi huo una makali pande zote mbili. Kijana wa ukoo huohuo wa Malindi, Yusuf bin Hasan, alipelekwa Goa, makao ya Wareno kule India, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akarudishwa Mombasa kama mfalme, na mwaka 1631 akageuka, akawaua Wareno waliokuwa ngomeni, na ufalme wa jamaa yake ukaishia hapo. Urafiki uliwapa miaka zaidi na kiti kikubwa zaidi, lakini mwishowe kiti hicho kilikuwa cha kuazimwa. Kilwa ingepata nini kwa njia hiyo? Pengine mji usingeporwa mwaka 1505, misikiti ingeendelea kukarabatiwa, na mafundi wa Songo Mnara wasingetawanyika upesi vile. Hayo si mambo madogo kwa watu walioishi pale. Hata hivyo dhahabu ilikuwa imeanza kwenda kwingine: Zimbabwe Kuu ilikwisha kupungua katikati ya karne ya 15, dola ya Mutapa ikawa imeinuka kaskazini karibu na Zambezi, na wafanyabiashara wakafuata njia za Angoche na Quelimane, wakiikwepa Sofala. Ukoo wowote ule, hata ambao ungetiiwa na kila mtu, ungejikuta umeshika mlango wa nyumba ambayo watu wake wamehamia upande wa pili wa kijiji.

Hii ndiyo sababu nasema kwamba nasaba nyingine, kwa imani yangu, ingebadilisha namna Kilwa ilivyoshuka na muda uliochukua kushuka, na ingewaepushia watu maumivu mengi, lakini isingeirudisha katika kilele cha zama za Ibn Battuta.

Sasa niseme lililonisikitisha. Katika habari yote ya mwaka 1505, mzee hakutaja hata kidogo kisa cha Muhammad Rukn al-Din al-Dabuli, ambaye Wareno walimwita Ankoni. Baada ya Ibrahim kutoroka, Almeida alimvika ufalme tajiri huyu wa mjini, tena kwa taji la dhahabu lililokuwa limekusudiwa kwa mfalme wa Cochin kule India. Hakuwa wa damu ya kifalme. Naye, akiwa na wanawe mwenyewe, aliomba jambo lililowashangaza wale waliomtawaza: mrithi wake awe mwana wa marehemu Sultani al-Fudail. Fikiria mtu aliyepewa ufalme na jeshi la kigeni, asiyekuwa na wa kumzuia kuuacha kwa wanawe, akaona kwamba kiti hicho hakitasimama ila kikirudi kwa ukoo ambao watu wanautambua. Sijui ushahidi mwingine unaoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi watu wa Kilwa wenyewe walivyoliona suala la nasaba. Ankoni aliuawa muda si mrefu baadaye, mwanawe na yule mwana wa al-Fudail wakagombania madaraka, wakazi wengi wakauhama mji, na mwaka 1512 Wareno wenyewe waliiacha ngome yao na kuondoka, Ibrahim akarudi. Matembezi yanayouliza kama ukoo mwingine ungebadilisha mambo yalipaswa kusimama kwenye kisa hiki kwa robo saa nzima, kwani kiko palepale Gereza, na kinaligusa swali lao kuliko birika la Husuni linavyoligusa.

Makutani pia ilipitiwa kwa haraka. Ni jumba lenye kuta ndefu zinazoteremka hadi ufukweni, makao ya masultani wa karne ya 18, wakati mji ulipopata uhai mwingine. Uhai huo ulitokana na biashara ya watumwa. Mwaka 1776 Sultani Hasan bin Ibrahim alitia saini mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumpatia watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Kifaransa. Kijikaratasi tulichopewa kinaita zama hizo «ufufuo wa Kilwa», neno ambalo naomba waandaaji walitafakari. Hapa palikuwa na ukoo wa wenyeji uliorudi kitini, ukapata fedha, ukaimarisha jumba lake, na fedha hizo zilitoka shingoni mwa watu waliofungwa na kuteremshwa kutoka bara. Anayeuliza kama nasaba nyingine ingeuokoa ufalme hana budi kuuliza pia ungeokolewa kwa gharama ya nani, na pale Makutani ndipo mahali pa kuuliza. Miaka michache baada ya mkataba, Waomani walishika mji, na katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho alichukuliwa na kupelekwa Muscat. Mzee aliyajua yote haya nilipomuuliza njiani. Tatizo lilikuwa muda uliopangwa, nao haupangwi na yeye.

Kijikaratasi chenyewe kinahitaji kuhaririwa. Orodha ya masultani imewachanganya Washirazi na Mahdali katika safu moja bila mstari wa kuwatenganisha, ambapo mstari huo ndio msingi wa matembezi yote. Mwaka wa kuandikishwa kwa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia, 1981, umewekwa sawa, lakini hakuna neno kuhusu kuingizwa kwake katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati, habari ambayo mgeni angeifurahia, kwa kuwa anaikanyaga kazi hiyo kila hatua. Ramani ni nzuri na inasomeka juani.

Kwa upande wa maandalizi ya mwili, mwendo kutoka mjini hadi Husuni Kubwa ni mrefu kiasi na una sehemu zisizo na kivuli, kwa hiyo viatu vya kufunika vidole, kofia na maji ya kutosha ni lazima. Waandaaji walitupa chupa moja ya maji kwa kila mtu, na haikutosha. Wazee wanaotaka kwenda waombe mashua iwashushe karibu na Husuni badala ya kutembea, jambo ambalo nahodha alisema linawezekana maji yakiwa yamejaa. Wenye kusali watapata nafasi ya adhuhuri katika msikiti wa kijiji, na mzee mwenyewe huwaongoza. Bei si ndogo kwa mfuko wa mtu wa kawaida, lakini inajumuisha kibali, mashua na mwongozaji, na hakukuwa na malipo ya siri yaliyojitokeza katikati ya safari.

Jambo moja dogo niliona linafaa kusemwa. Katika kuba za msikiti mdogo, mzee alitulaza chali sakafuni, wote saba, ili tuone juu mashimo ya mviringo ambamo hapo zamani viliwekwa mabakuli ya kauri kutoka China na Uajemi. Baadhi ya vipande bado vimenasa kwenye chokaa, vya rangi ya kijani iliyofifia. Tulikaa hivyo dakika kadhaa bila ya mtu kusema neno. Sultani yeyote aliyesali hapo, wa ukoo wowote, aliinua macho akaona vyombo vya mezani vya nchi za mbali vimegeuzwa kuwa nyota za dari, na alijua kwamba vililetwa na watu wasiomjua kwa jina ila walioiamini bandari yake. Mzee hakuongeza maelezo yoyote, na alifanya vyema.

Napendekeza huduma hii kwa yeyote anayejali historia ya mwambao na aliye tayari kubishana kwa adabu. Anayetaka picha na matembezi mepesi atapata njia rahisi zaidi. Kwa waandaaji, ombi langu ni wapange saa moja zaidi, waanzie Gereza na kisa cha Ankoni, wakomee Makutani, na birika la Husuni liwe katikati. Kijikaratasi wakikabidhi kwa mzee akirekebishe kutoka kwenye daftari lake, kwa kuwa yaliyomo humo ni bora kuliko yaliyochapishwa. Mimi nimekwisha kuweka nafasi kwa safari ya Songo Mnara msimu wa kaskazi ukitulia, na nimemwomba mzee huyohuyo. Aliniambia nije na ile habari ya Mombasa imeandikwa kikamilifu, mwaka kwa mwaka, ili tuisome pamoja tukiwa mashuani.